Siku ya Heshima Imeahirishwa Tena

1 Septemba 1887, Krutoyar

Nimenunua daftari jipya kwa kuwa lile la msimu uliopita limejaa manung'uniko mpaka kwenye gamba. Hili nataka niliweke safi. Nimefika jana kwa meli. Volga imepungua maji kiangazi chote, tukakwama kwenye mchanga saa tatu nzima tukitazamana na ng'ombe. Gatini alinipokea Arseny Lukich mwenyewe, mkuu wa kampuni yetu ya opera, na mwavuli wake na ile sauti yake ya baba mzazi.

"Umefika, Evlampia Nikitishna, mama yangu. Sasa kampuni imetimia."

Sikumpa nafasi ya kuendelea kunisifu. "Siku yangu ni lini?"

"Kumi na tano Novemba. Nimeiandika kwa wino."

Kila mwimbaji mwenye jina ana siku moja ya heshima katika msimu. Siku hiyo opera anachagua yeye, nafasi anachagua yeye, na jina lake huandikwa juu ya bango kwa herufi kubwa kuliko za opera yenyewe. Misimu kumi nimechagua kile alichonishauri Arseny Lukich, na kila alichonishauri kilikuwa na yaya ndani yake. Mwaka huu nimemwambia mapema: Ustinya, katika opera ya mjane wa Pskov. Ina sehemu nne, na Ustinya yumo katika zote nne, na hambembelezi mtoto wa mtu hata mara moja.

Kuna sababu, na naiandika hapa ili isije ikaniponyoka mdomoni mbele za watu. Julai niliimba kwenye bustani moja nje ya Petersburg, wimbo mmoja tu, mvua ikinyesha. Bwana mmoja wa ofisi ya majumba ya opera ya serikali alinifuata nyuma ya jukwaa, akauliza naimba wapi wakati wa baridi, akaandika jina langu na la Krutoyar. "Tutakuandikia, bibi," alisema. "Tunatafuta sauti kama hiyo." Nimezunguka mikoani miaka kumi na mmoja. Barua hiyo ikija nitaijibu siku hiyohiyo. Na kama wanasitasita, magazeti yataandika habari za Ustinya wangu, nao watayasoma.

8 Septemba

Mazoezi. Yaya.

11 Septemba

Mazoezi. Mama wa bwana harusi, na baada ya chakula, mchawi.

19 Septemba

Tumefungua msimu. Ukumbi ulijaa, na nusu yao walikuja kumtazama Olimpiada Karlovna Vend, ambaye ana miaka ishirini na miwili, ametoka Riga, na ana sauti ya juu iliyo safi kabisa na isiyo na kitu kingine zaidi ya usafi. Ananiita shangazi. Leo ameniuliza mbele ya wanakwaya, "Shangazi, hivi umewahi kuimba nafasi ya msichana?" Nikamwambia nimewahi, kabla yeye hajaota meno. Wakacheka, naye akacheka pamoja nao, jambo lililoniudhi zaidi.

Mgeni mwingine ni Sozont Filippovich, mwenye sauti ya chini kuliko wote, ambaye mpaka mwaka juzi alikuwa shemasi. Mkewe alifariki, na shemasi mjane haruhusiwi kuoa tena, basi akaivua kanzu ili aoe. Mchumba alipomwona bila kanzu akabadili mawazo. Sasa yuko kwetu. Amepanga chumba ng'ambo ya ukuta wangu, na kila asubuhi akifanya mazoezi vikombe vyangu vinatembea mezani.

Jana kwenye mazoezi ilimpasa amsalimu mfalme wa jukwaani. Akaupa ukumbi mgongo, akainamia ukuta wa nyuma. Arseny Lukich alimwuliza mfalme alikuwa wapi huko nyuma.

"Miaka kumi na minne madhabahu ilikuwa upande ule," akasema Sozont. "Miguu bado haijapata habari."

3 Oktoba

Mvua. Tope limefika kwenye ngazi za jumba la opera. Galoshi yangu ya kushoto, kile kiatu cha mpira cha kuvaa juu ya kiatu, imebaki barabarani na sikurudi kuichukua. Barua hakuna.

7 Oktoba

Mvua. Yaya. Barua hakuna.

16 Oktoba

Barua zetu sote hufikia ofisini kwa Arseny Lukich, naye huzigawa mwenyewe asubuhi. Nimekuwa nikisimama pale kila siku kama mwombaji kwenye mlango wa kanisa.

"Mama yangu, unasubiri barua ya mchumba?"

"Nasubiri barua yoyote."

Akanimiminia chai kutoka kwenye samovari, akanisogezea jamu ya cheri, akaanza habari za koo langu. Siku hizi analiogopea koo langu kuliko mimi mwenyewe. Ananiletea maziwa na asali, ananikataza kuongea barabarani, na nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mkuu wa polisi kwamba Evlampia Nikitishna ana koo la kulindwa. Sijaumwa koo tangu nilipokuwa mwanafunzi. Lakini ni nani mwingine duniani anayeniulizia? Baba yangu mzazi hakuwahi kuniletea asali. Naandika haya ili nijifunze kushukuru.

2 Novemba

Siku yangu imeahirishwa. Mavazi ya Pskov hayajashonwa, fundi amelala kitandani. "Nimekupa sita Desemba badala yake," amesema Arseny Lukich, "sikukuu ya Mtakatifu Nikolai, mji mzima uko huru. Nimekupa siku bora kuliko ile, mama." Nikamshukuru. Nilifika nusu ya njia ndipo nikajiuliza nilikuwa nashukuru nini.

15 Novemba

Leo ingekuwa siku yangu. Nimevaa suruali ya mtumishi wa kiume, nikabeba barua ya mapenzi ya Olimpiada Karlovna kutoka kulia kwenda kushoto. Wamenipigia makofi mawili, labda matatu.

22 Novemba

Volga imeganda, sleji za farasi zinavuka juu ya barafu. Barua hakuna, na sasa nimeacha kusimama ofisini, kwa sababu nimeona wanakwaya wakipeana ishara nikipita.

Afadhali niandike habari za Sozont. Jana aliimba mjumbe anayetangaza ushindi vitani. Kanisani shemasi huanza chini kabisa na kupanda kidogokidogo, mpaka neno la mwisho linatikisa vioo, na waumini humhukumu kwa vioo hivyo. Basi ndivyo alivyoutangaza ushindi. Okestra ilibaki pale mtunzi alipoiacha, yeye akapanda. Kiongozi wa okestra alipunga fimbo yake kama anayefukuza nyigu. Wafanyabiashara wa nafaka walisimama wote, wakajipiga ishara ya msalaba, wakadai arudie.

Asubuhi nilimwuliza kupitia ukutani, "Sozont Filippovich, kwani hukuisikia okestra?"

"Niliisikia, mama. Nikaihurumia."

Mtu huyu hajui opera ni nini, na amepewa siku yake ya heshima Januari, tarehe ambayo haijatikisika hata kidogo. Siku yangu mimi ndiyo ina miguu.

1 Desemba

Mabango yamebandikwa leo. Sita Desemba, siku ya heshima ya Olimpiada Karlovna Vend. Herufi nyekundu.

Niliingia ofisini bila kubisha hodi. Arseny Lukich alikuwa anakula samaki, akaifunika sahani kwa gazeti kama vile nimemkuta na mwanamke.

"Mama yangu, keti."

"Sikai. Ile tarehe ni yangu."

"Gavana anaondoka tarehe nane, mkewe anataka kumsikia huyu binti. Ningefanyaje? Jumba ni lake, kuni ni zake. Wewe ni mtu wa nyumbani, Lampia. Mgeni ndiye anayenunuliwa kwa tarehe."

"Miaka kumi na mmoja mimi ni mtu wa nyumbani. Hata mbwa wa nyumbani huwa anatolewa nje siku moja moja."

Akacheka kidogo, kisha macho yakamlengalenga. Ana uwezo huo wa kulia haraka. "Ishirini Januari. Nakuapia kwa mifupa ya mama yangu. Na koo lako litakuwa limepumzika."

Nikatoka nikamkuta Olimpiada kwenye ujia, amevaa kofia ya manyoya, mashavu mekundu kwa baridi. Nilimwuliza alikuwa anajisikiaje ndani ya tarehe ya mtu.

"Shangazi, mimi nilipewa. Sikuomba."

"Kupewa cha mtu ukakikubali, huko kwenu Riga mnakuitaje?"

"Huko kwetu tunauliza kwanza. Na mimi niliuliza, nikaambiwa…"

Sikumsubiri amalize. Nilimwambia kuwa sauti yake ni ya kengele ya kumwitia mtumishi, na kwamba miaka mitano ijayo mtumishi hatakuja. Wanakwaya walisikia. Nilifurahi sana kwa muda wa kushuka ngazi zile.

6 Desemba

Maua yalifika mpaka mlangoni. Niliimba yaya wake.

26 Desemba

Krismasi imepita. Nimekula bata kwa mke wa mwenye duka la dawa, ambaye aliniuliza kama nafundisha watoto nyimbo za kulalia.

14 Januari

Baridi kali mno, ndege wanaanguka paani. Hakuna atakayetoka nyumbani. Siku yangu imeahirishwa mpaka saba Februari. Ya Sozont ilifanyika jana katika baridi hiyohiyo, watu wakakaa na makoti, wakamwitikia "Amina" alipomaliza.

30 Januari

Barua hakuna. Nadhani bwana yule wa bustanini alikuwa anatafuta pa kujikinga mvua tu.

Najaribu kumwelewa Arseny Lukich. Kampuni ina watu arobaini na inategemea kila opera iweze kupanda jukwaani jioni yake, na karibu kila opera ina kikongwe, mama, mchawi au mtumishi wa kiume mwenye sauti nzito ya kike. Hao wote ni mimi. Mke wake hajiwezi tangu vuli. Mzee mwenyewe amekonda, anachanganya majina, akiniona huwa anatazama viatu vyangu. Labda namdai mno. Nimemwomba Mungu anipunguzie uchungu, na nikalala nikiwa nao vilevile.

3 Februari

Kiongozi wa okestra anaumwa jino. Siku yangu imeahirishwa tena. Sikuuliza mpaka lini.

9 Februari

Nimepewa tarehe ya mwisho, na ni ya mwisho kweli: sita Machi, saa saba mchana, Jumapili ya Kusameheana. Kesho yake ni Kwaresima na majumba yote ya opera yanafungwa wiki saba. Mji mzima utakuwa umekula blini, chapati nyembamba za sikukuu, kwa wiki nzima, siagi mpaka masikioni, na nusu watakuwa wamelewa. Gazeti la mji halitoki tena mpaka Jumatano, na hiyo Jumatano litaandika habari za kufunga.

"Ni hiyo, mama, au basi," amesema Arseny Lukich, akitazama viatu vyangu.

Nimesema ni hiyo. Ingekuwa busara kumtupia nafasi za yaya usoni na kuondoka, lakini mkataba unanifunga mpaka Kwaresima, na zaidi ya mkataba nataka kumwimba Ustinya. Nataka hata kama atasikilizwa na viti.

20 Februari

Mazoezi. Ustinya. Sauti ipo yote, juu na chini. Nimetembea mpaka mtoni na kurudi bila kuhisi baridi.

4 Machi

Sijui nianzie wapi. Leo mchana Olimpiada Karlovna amekuja chumbani kwangu na blini ndani ya kitambaa na bakuli la krimu. Tangu Desemba hatujasemeshana nje ya jukwaa. Nikadhani amekuja kunikejeli.

"Shangazi, Jumapili kutakuwa na watu wengi, kila mtu atainama haraka haraka. Nataka kukuomba msamaha kabla, kwa utulivu. Kwa ile tarehe."

"Ulipewa, hukuomba. Nakumbuka."

"Hukuniacha nimalize. Nilimwuliza Arseny Lukich kwa nini nichukue yako. Akasema wewe mwenyewe umeomba isogezwe, kwamba koo limekuharibikia na hutaki watu wajue. Akaniapisha nisikugusie habari hiyo. Ndiyo maana hukunisikia nikikujibu uliponitukana. Nilijisemea, acha aseme, mgonjwa huyu."

Niliketi juu ya kitanda. Binti huyu ambaye nimemwita kengele amenyamaza miezi mitatu kwa huruma, na mimi miezi mitatu nimekuwa nikimwombea mafua.

"Mimi ninaonekana mgonjwa?"

"Hapana. Unaimba kuliko sisi sote. Nilidhani ni ujasiri."

Tumekula blini zote. Nimemwomba msamaha na nimelitaja kosa kwa jina, habari ya kengele na ya mtumishi. Amesema hiyo ya mtumishi ilimchekesha.

Alipoondoka nilibaki na swali moja ambalo halitaki kulala. Mtu anaweza kudanganya kuhusu fundi wa nguo, au jino la mwenzake, ili apate tarehe. Lakini koo langu linamsaidia nini?

6 Machi, Jumapili ya Kusameheana

Naandika saa kumi na moja jioni, bado nina rangi usoni.

Kama ilivyo desturi yetu, kabla ya onyesho la mwisho kampuni nzima hukusanyika jukwaani nyuma ya pazia, na kila mtu humwinamia kila mtu. Mmoja husema, "Nisamehe." Mwenzake hujibu, "Mungu atakusamehe, nisamehe nami." Hakuna anayeuliza kosa. Ndiyo uzuri wake, nilikuwa nikisema, kwamba mtu anashusha mzigo bila kuufungua.

Arseny Lukich alikuja kwangu wa mwisho. Alivaa koti jeusi, akainama mpaka vidole vikagusa mbao, na alipoinuka machozi yalikuwa tayari.

"Nisamehe, Evlampia Nikitishna. Kwa yote."

"Kwa lipi?" nikamwuliza.

Watu arobaini wakageuka. Sozont Filippovich, aliyekuwa kando yangu na ndevu za kubandika, akaninong'oneza, "Mama, leo huwa hatuulizi."

"Mimi nauliza. Koo langu lilikukosea nini, Arseny Lukich?"

Angeweza kukataa. Nadhani angekataa siku nyingine yoyote, lakini siku ya leo mzee anaogopa Mungu kweli. Akasema pale pale, mbele ya wote, kwa sauti ndogo. Barua ilikuja. Ilikuja Oktoba. Petersburg waliniita kwa majaribio kabla ya mwisho wa Novemba, na waliahidi nauli. Akawajibu kwa mkono wake kwamba bibi huyo ameacha jukwaa kwa ugonjwa wa koo usiotibika.

"Ungeondoka katikati ya msimu, opera kumi na moja zingekufa siku moja," akasema. "Nani angeimba yaya? Watu hawa wangekula nini? Baada ya hapo ikawa sina njia. Ukiwa na siku yako, magazeti yataandika umeimba, Petersburg watasoma, watajua nimeandika uongo. Nikawa naisogeza. Kila nikiisogeza nilikuwa naumia, Lampia. Mungu anaona."

Naamini aliumia. Hilo ndilo linalonichoma. Alinidhulumu huku akiumia, na asali ile aliileta kwa moyo wa kweli, na mimi niliandika katika daftari hili kwamba nijifunze kushukuru.

Watu wote walikuwa wakinitazama mdomo. Ng'ambo ya pazia ukumbi ulikuwa unapiga miguu chini, wamechoka kungoja. Sozont akasema kwa upole, "Lijibu neno lake, mama. Si wewe unayesamehe."

"Mungu atakusamehe," nikamwambia Arseny Lukich. "Yeye hana siku ya heshima. Mimi bado sijakusamehe."

Mwanakwaya mmoja akaguna. Kwetu neno hilo halisemwi. Kisha kengele ikalia, tukaenda kwenye nafasi zetu.

Niliimba. Sitaki kujisifu kwenye karatasi yangu mwenyewe, lakini sijui nani mwingine atakayeandika. Safu za mbele walikuwa wamelala na midomo wazi. Nje sleji za sikukuu zilipita na kengele zao hata katika sehemu ya tatu, pale Ustinya anapoosha mwili wa mumewe, na mtu mmoja kwenye roshani alikuwa akihesabu kwa sauti blini alizokula. Sozont alikuwa askofu. Kwa mara ya kwanza msimu huu hakupanda hata hatua moja, alibaki chini yangu tangu mwanzo mpaka mwisho, akitokwa jasho kwa kujizuia. Olimpiada alivaa leso akasimama kwenye kwaya bila kuombwa. Na mimi nilikuwa na sauti yote, mpaka nikawa naisikitikia, kama mtu aliyeandaa karamu katika nyumba isiyo na wageni. Mwishoni mama mmoja muuza samaki alilia kwa nguvu, akaambiwa anyamaze.

Ndiyo ilikuwa siku yangu ya heshima. Hapana, uchungu haujapungua. Umeongezeka, kwa sababu sasa najua kilichokuwa kinanisubiri.

7 Machi

Kengele za Kwaresima tangu alfajiri. Mji unanuka kabichi. Nimeandika mwenyewe Petersburg, kurasa mbili, nikachana, nikaandika mistari sita. Arseny Lukich ameniletea mkataba wa msimu ujao. Sikumfungulia. Aliupitisha chini ya mlango, nami nikaurudisha kwa njia hiyohiyo. Tulifanya hivyo mara tatu.

17 Machi

Jibu limekuja, safari hii kwa anwani ya Sozont. Nalinakili:

"Kuhusu ombi lako: kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, mwimbaji mwenye jina hilo ameacha jukwaa kwa ugonjwa usiotibika. Kama wewe ni ndugu yake, tunakupa pole."

Sozont amelisoma mara mbili. "Wamekupa pole kwa msiba wako mwenyewe, mama. Hata kanisani sikuwahi kuona."

19 Machi

Nilienda kuungama. Padri aliuliza kama nimepatana na watu wote. Nikasema nimebakiza mmoja. Akasema nirudi nikishammaliza, kisha akajisahihisha, nikishapatana naye. Nimerudi nyumbani bila komunyo.

21 Machi

Nimefunga masanduku. Olimpiada amenipa kofia yake ya manyoya, ananiambia Petersburg humwangalia mtu kuanzia juu. Sozont amenibariki, akakumbuka kwamba hana tena haki ya kubariki, akanibariki tena.

29 Machi, Petersburg

Siku tatu nimekaa kwenye benchi la ujia wa ofisi ile. Siku ya kwanza walisema nirudi kesho. Ya pili walisema nilipaswa kuja jana. Leo karani alichoka kuniona, akachukua hati yangu ya kusafiria, akalifungua jalada langu mbele yangu, akanakili humo yaliyoandikwa katika hati.

"Sorokoumova, Evlampia Nikitishna. Ameacha jukwaa. Koo."

"Ndiye mimi."

"Haiwezekani, bibi. Imepigwa muhuri."

"Basi sikiliza."

"Bibi, ni Kwaresima."

Nikasimama katikati ya ujia nikaimba maombolezo ya Ustinya, yale ya sehemu ya tatu, tangu ile noti ya chini ambayo watu huisikia tumboni kabla ya masikioni. Karani alinyoosha mikono kama anayezuia farasi. Ujia ule una dari ndefu ya mviringo na nadhani hakuna ukumbi wowote Krutoyar ulionitendea haki kama ule. Milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Makarani walitoka na kalamu masikioni. Sikuacha mpaka mwisho.

Kwenye mlango wa mwisho akatoka mzee mwenye nishani kifuani. "Nani anaimba?"

"Hakuna mtu, Mheshimiwa," akasema karani, mkono juu ya jalada. "Kwa mujibu wa kumbukumbu."

Mheshimiwa akalichukua, akalisoma akiwa amesimama. Alisoma kwa muda mrefu. Nilimweleza kisa chote kwa sentensi nne. Akavua miwani.

"Oktoba tungekuchukua, bibi. Nafasi yenyewe bado iko wazi, hatujaridhika na mtu. Lakini hatupokei mwimbaji mpya aliyevuka thelathini na tano, na hapa imenakiliwa kwamba ulizaliwa Januari, elfu moja mia nane hamsini na mbili. Umetimiza thelathini na sita wiki kumi na moja zilizopita." Akainamisha kichwa, kwa adabu nzuri kabisa. "Utusamehe."

"Hapana," nikasema.

Alidhani hakusikia vizuri. Akageuza sikio.

"Nimesema hapana, Mheshimiwa. Nimeombwa msamaha na mzee wangu, sasa naombwa na wewe, na nyote mkishaupata mtakwenda kula chakula chenu. Siwasamehi. Mtakaa nalo kosa lenu."

Karani alijipiga ishara ya msalaba. Mheshimiwa alinitazama, na uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. Nikajua nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe, na sikujuta. Halafu akaangalia ujia, makarani wakarudi vyumbani mwao. Akaweka jalada juu ya dirisha, akaomba kalamu. Pale penye mwaka wa kuzaliwa akakoleza wino juu ya tarakimu ya mwisho, polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika, mpaka mbili ikawa tatu. Chini yake akaandika: majaribio, nne Mei, nafasi ya Ustinya.

Huo ni uongo wa pili kuandikwa juu yangu katika jalada lile. Huu niliusamehe papo hapo.